Risala ya Klabu ya Kilimo na Jiografia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi, Ukerewe

Ndugu Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni.

Tunakushukuru kwa kuvuka maji kuja kwetu. Leo tuna neno moja, nalo ni muhogo. Hapa kisiwani watu ni wengi na ardhi ni finyu, na nyumba nyingi hushiba ugali wa udaga, yaani muhogo uliovundikwa na kukaushwa. Muhogo ukiugua, njaa haiko mbali.

Mgeni Rasmi, mwezi uliopita tulimsaidia bibi jirani wa shule kuvuna. Majani ya juu yalikuwa mabichi na shina limenyooka. Alipoupasua mzizi wa kwanza, ndani tulikuta mabaka ya kahawia, makavu kama kizibo. Akakata sehemu mbovu, akaitupa. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu aliutupa wote, akakaa kimya. Alikuwa amelilea shamba lile zaidi ya mwaka.

Huo ni ugonjwa wa michirizi kahawia. Batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, mkulima huuona mapema, maana majani hujikunja na kuwa na mabaka ya njano. Michirizi mara nyingi hujificha mpaka siku ya kuchimba, na ndiyo maana sisi tunaiogopa zaidi. Zamani ilijulikana kuwa ni ugonjwa wa pwani na nyanda za chini, chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Ziwa letu, Victoria, liko kwenye mita 1,134 hivi. Lakini kuanzia mwaka 2004 ulionekana Uganda kwenye miinuko kama hii, na sasa umeenea kanda yote ya ziwa.

Tulipochora ramani darasani tulijiuliza umepitaje. Nzi weupe huubeba, ila kwa muda mfupi tu, hivyo hawaufikishi mbali. Anayeusafirisha mbali ni sisi wenyewe. Mtu akienda kumsalimu shemeji Sengerema au Bunda hurudi na mzigo wa pingili, yaani vipande vya shina la muhogo vinavyopandwa kama mbegu, kwenye kivuko au nyuma ya baiskeli. Ni zawadi ya upendo, na hakuna anayeikagua.

Kwa hiyo tunaomba pingili zikaguliwe zinaposhushwa kisiwani, Rugezi na Nansio, kama mifugo inavyokaguliwa njiani. Tunaomba pia ofisi yako itusaidie kupata mbegu safi kutoka kituo cha utafiti cha Ukiriguru, Misungwi. Nusu ekari nyuma ya bweni tumeshailima, mbali na mashamba ya zamani. Tutapita kila wiki, na shina lenye dalili tutaling'oa. Kinachotukwamisha ni uzio, kwa sababu mbuzi wanaingia.

Mbegu zikikomaa, kila mzazi aliyeketi hapa atapewa mzigo wake, na wa kwanza atakuwa yule bibi. Mvua za vuli zimekaribia, Mgeni Rasmi, tungependa ziikute mbegu ardhini.

Tunaomba kuwasilisha.