Sajili ya majeruhi isiachiwe muuguzi wa zamu

Ndugu Mhariri,

Basi likipinduka, idadi ya waliokufa hutangazwa siku ileile. Lakini waliofika hospitali wakiwa hai kisha wakafia mikononi mwetu, walikufa kwa nini, na nani kati yao angepona? Hilo halijibiwi, kwa sababu sajili ya majeruhi ama haipo, ama imejaa mapengo.

Mimi ni muuguzi wa kitengo cha dharura. Majeruhi mmoja wa bodaboda huandikwa kwenye daftari la mapokezi, kwenye MTUHA (vitabu vya takwimu za huduma za afya), kwenye faili lake, kwenye PF3 ya polisi na, penye kompyuta, kwenye mfumo. Halafu mradi unaleta fomu nyingine ya kurasa kadhaa, ya sajili ya majeruhi. Usiku, wauguzi wawili wakipokea majeruhi sita kwa mpigo, fomu hiyo hujazwa asubuhi kwa kukumbukakumbuka, au haijazwi kabisa. Siwalaumu wenzangu, huwezi kukandamiza jeraha linalovuja damu huku unaandika.

Kinachoniuma ni kwamba wanaokosekana kwenye sajili ndio hasa tuliopaswa kujifunza kwao. Aliyekata roho dakika chache baada ya kushushwa hupelekwa mochwari hata presha hajapimwa. Aliyepewa rufaa huandikwa "rufaa", basi. Kama alipona, alikatwa mguu au alifia njiani, haturudishiwi habari. Wapo pia wanaoondolewa na ndugu kwenda kwa mganga wa mifupa, gharama zikishawashinda. Ukijumlisha karatasi zilizobaki, utadhani tunaokoa karibu kila mtu.

Na si tatizo letu peke yetu. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka, na zaidi ya tisa katika kila kumi hufa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Vipimo vya ukali wa majeraha vilivyozoeleka katika nchi tajiri hutegemea picha za CT na mtaalamu aliyesomea kuainisha kila jeraha. Waganda walilitambua hilo mapema: mwishoni mwa miaka ya 1990, Dk. Olive Kobusingye na wenzake mjini Kampala walianzisha sajili ya fomu fupi, yenye alama za kupima ukali wa majeraha zinazodai mambo matano tu: umri, idadi ya majeraha makubwa, presha, kasi ya kupumua na hali ya fahamu. Yote hayo muuguzi anayapata kando ya kitanda, kwa mashine ya presha na saa ya mkononi.

Hata hivyo, fomu fupi nayo inahitaji mtu. Naiomba Wizara iweke karani wa takwimu kwenye vitengo vya dharura vya hospitali za rufaa za mikoa, alipwe mshahara wa bajeti ya hospitali na si posho ya mradi. Nimeshuhudia mradi ukiisha na vishikwambi vikafungiwa kabatini. Karani huyo apewe pia ruhusa ya kupitia daftari la mochwari kila asubuhi na kuipigia simu hospitali iliyopokea rufaa. Na kila mwezi, alichokusanya kisomwe mbele yetu tunaoshika majeruhi, si kutumwa makao makuu tu. Tukiona, kwa mfano, kwamba waliofariki walikuwa wakisubiri damu, tutajua pa kuanzia mwezi unaofuata.

Muuguzi,
Nyanda za Juu Kusini