Weusi wa Tukuyu si weusi wa Usangu

Wanangu wa Tukuyu mnaokwenda kukodi mashamba ya mbali,

Mugonile. Nasikia wengine mmeshalipia ekari Mbarali, wengine Mufindi, na wawili wanataja korosho za Mtwara. Sikatazi. Ila mjue Rungwe imetudekeza. Udongo wetu mweusi ni majivu ya volkano: mwepesi, unashika unyevu bila maji kutuama, hata jembe la mtoto linazama. Ndizi, viazi, chai, parachichi, vyote vinakubali. Ila nao una kasoro: huing'ang'ania fosfeti, chakula cha mmea, mmea ukabaki na njaa. Ndiyo maana nawasisitizia mbolea ya kupandia ikae karibu na mbegu, isimwagwe shamba zima.

Wa Mbarali, huko Usangu nako mtakuta udongo mweusi, na mimi ulinidanganya. Nilikodi mbuga wakati wa kiangazi, nikautazama udongo ule nikasema hapa ni nyumbani, nikapanda mahindi. Kumbe ni mfinyanzi mtupu. Jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Mvua ikishika unavimba na kuziba, maji yanakosa pa kwenda. Kufikia Februari mahindi yalikuwa ya njano, nami nimesimama topeni. Jirani zangu walikuwa wanapandikiza mpunga, wananionea huruma. Trekta nayo ilinasa, lakini deni lile tuliache.

Wa Mufindi na Njombe, ule wekundu ni kutu ya chuma. Udongo una kina na hautuamishi maji, lakini mvua za miaka na miaka zimeuosha rutuba, ukabaki na tindikali. Chai inaufurahia, maharage yanadumaa. pH, yaani kipimo cha tindikali, ikiwa chini ya 5.5, nunueni chokaa ya kilimo kabla ya mbegu. Songwe ipo, ila pigeni hesabu ya lori kwanza.

Mtwara ni mchanga mwingi. Mkorosho unauvumilia, viazi mviringo msijaribu.

Kabla ya kutoa hela, chimba shimo la kufika magotini. Chota udongo wa chini, uloweshe, uviringishe kama kamba, kisha ukunje pete. Pete isipokatika, huo ni mfinyanzi. Kamba ikikataa kabisa, ni mchanga. Halafu chota sampuli sehemu kumi hivi, sentimita 20 kwenda chini, changanya, peleka TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo pale Mbeya, wakupimie. Mwenye shamba akikukataza kuchimba, panda basi urudi na hela yako.

Babu yenu, bwana shamba mstaafu