Njiti wapimwe na kichwa jamani, sio uzito tu

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako niwasemee watoto njiti wa huku kwetu kusini. Mimi ni fundi cherehani hapa Masasi, mwanangu alizaliwa 2021 mimba ikiwa na wiki 29, alikuwa na kilo moja na gramu mia mbili.

Tulikaa wodini wiki sita, nikambeba kifuani usiku na mchana kama nilivyoelekezwa, akaongezeka, tukaruhusiwa. Nikaambiwa ninyonyeshe sana, nimkinge na baridi, nihudhurie kliniki. Habari ya kichwa hakuna aliyeigusa. Kliniki kila tukienda anawekwa kwenye mzani, uzito unapanda, nesi anafurahi na mimi nafurahi, kumbe humo kichwani maji yanajaa.

Kilichonishtua ni kofia. Nilimshonea ya flana mwenyewe, wiki mbili tu haiingii, nikadhani nimekosea kukata, nikashona kubwa zaidi nayo ikambana mpaka ikamwachia mstari mwekundu kwenye paji. Ndo nikavua futi shingoni nikampima, baada ya siku saba nikampima tena, zimeongezeka sentimita mbili na nusu! Utosi umejaa umekaza, macho yanatazama chini tu, weupe unaonekana juu. Jirani akasema huyu wa mganga, mama mkwe wangu, Mungu ampe maisha marefu, akasema hapana, akauza korosho zake tukapanda basi kwenda Dar.

Kule daktari alinielewesha vizuri sana. Njiti aliyezaliwa kabla ya wiki 32 mishipa yake ya damu ndani ya ubongo, pale karibu na vyumba vya maji, ni laini mno na inaweza kupasuka, mara nyingi ni ndani ya siku tatu za kwanza, na mama unaweza usione chochote. Damu ikiwa kidogo huwa inaisha yenyewe na wengi wanaendelea vizuri. Ikiwa nyingi inaziba njia, maji ya ubongo yanazidi kutengenezwa ila hayana pa kutokea, ndo kichwa kinatanuka. Wangu aliwekewa mpira wa kutoa hayo maji, unapita chini ya ngozi toka kichwani mpaka tumboni.

Watu huwa wananiuliza, amepona? Anaongea mpaka anachosha, mabasi yote yanayopita hapa anayajua kwa rangi. Ila alitembea akiwa na miaka miwili na nusu, mguu wa kushoto anauburuta, jicho moja lina makengeza. Mpira umeshaziba mara moja, alianza kutapika na kulala lala mchana, nikajua, akafanyiwa upasuaji wa pili. Na huyu ndo mwenye nafuu. Wodini niliwaacha watoto wenye mtindio wa ubongo, wenye kifafa, wasioona. Mama mmoja tuliyelala naye sakafuni wa kwake alifariki. Maana mpira unatoa maji tu, pale damu ilipoharibu haparudi, na maji yakikaa muda mrefu yanaharibu na sehemu nyingine, ndo maana mapema ni kila kitu.

Na hili sio langu la kubahatisha. Kuna utafiti ulianzia Uholanzi ukahusisha na nchi nyingine, njiti 126, waligawanywa makundi mawili, kundi moja likaanza kutolewa maji mapema kwa kuangalia picha ya ultrasaundi, lingine likasubiri mpaka maji yaongezeke zaidi. Walipofika miaka miwili, hesabu za watafiti zilionyesha wale wa mapema vifo na ulemavu mkubwa vilikuwa pungufu. Wenzetu wanaona maji kabla kichwa hakijakua kwa nje, sisi tunasubiri kofia igome!

Kwahiyo ombi langu kwa wakuu wa afya Mtwara na Lindi ni hili. Njiti wa chini ya wiki 32 apigwe ultrasaundi ya utosi kabla hajatoka wodini, mashine nyingi tunaziona zinapima mimba, zipime na hivi vichwa. Akishatoka apimwe kichwa kila wiki na namba iandikwe kwenye kadi. Akiwa mchanga hivyo kichwa hukua kama sentimita moja kwa wiki, ikifika mbili asiambiwe rudi mwezi ujao, apewe rufaa siku hiyohiyo. Futi haizidi buku sokoni, mimi mwenyewe niko tayari kuzitoa kwa kliniki yoyote ya hapa Masasi itakayokubali.

Na wale waliokwisha wekewa mpira tuletewe kliniki ya kuwafuatilia karibu, na mazoezi ya viungo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara Somanga sisi tulikuwa na siku yetu ya kliniki Dar, tukakwama na mtoto nimempakata, usiku kucha namgusa kichwa kama kimejaa. Siku ile angeziba mpira ningempeleka wapi?

Ni mimi mama wa njiti,
Masasi, Mtwara