Barua kwa mwanangu anayeogopa sindano ya jino

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sauti yako ya jana imeninyima usingizi. Gego linakutesa wiki nzima na kwa daktari huendi, kisa sindano ya kaakaani! Naijua sindano hiyo. Pale nyama imeshikana na mfupa, dawa haina pa kuenea, ndiyo maana inauma kuliko ya shavuni.

Ukifika, mwambie daktari mapema kwamba unaogopa. Muombe akupake kwanza ganzi ya juu. Ataukausha ufizi kwa pamba, apake, asubiri dakika moja au mbili. Haizami ndani sana, milimita mbili tatu tu, lakini ile ncha inapoingia hutoisikia kama unavyodhani.

Dawa ya kusukutua uliyoniulizia, kama yafaa kutia ganzi kabla ya sindano, ina kazi yake, ila mate huizimua, haitulii pahala pamoja. Mimi naiona inafaa zaidi baadaye, tundu la sindano linapouma. Ukishang'olewa jino, saa 24 za mwanzo usisukutue kitu, utaling'oa donge la damu. Dawa hiyo ya kusukutua ikiwa ya benzidamini, ile ya kutuliza maumivu, ni mililita 15, sekunde 20 hadi 30 mdomoni, halafu uteme. Ikikuchoma, tia maji. Ikiwa ya lidokeini, ile ya ganzi, koo nalo hufa ganzi, basi usile kwa saa nzima usije ukapaliwa. Na mjukuu wangu anayeota meno asiguswe nayo hata tone, tafadhali. Watoto wachanga huwatia degedege na kuwavuruga moyo.

Utaniambia, mama, si tuna karafuu? Ndiyo, inatia ganzi kweli. Lakini mimi niliyadondosha mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yenyewe, bila ya kuyachanganya, usiku kucha. Jino lilinyamaza, ila asubuhi ufizi ulikuwa mweupe, umebabuka, na daktari akalazimika kuchoma pembeni ya kidonda. Niliukamata mkono wa kiti mpaka vidole vikafa ganzi vyenyewe.

Ukitoka, usitafune mpaka mdomo uamke. Mimi nilikimbilia mkate wa kumimina na chai, nikaiona damu kwenye kikombe kabla ya kujua kama nimejing'ata shavu.

Nipigie ukishamaliza, hata kama ulimi mzito. Nitakufahamu.

Mama'ko