Risala ya Akina Mama wa Kota za Polisi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuzuia Kujiua Duniani, 10 Septemba

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Kituo, maafande, viongozi wa dini, majirani na watoto wetu,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Tunakushukuru kwa kuja kukaa nasi chini ya mwembe huu. Kambini tumezoea sherehe za gwaride na za kuvishana vyeo. Jambo la leo, hapa kota husemwa kwa kunong'ona, tena jikoni.

Ndugu Mgeni Rasmi, anayeona mapema kwamba askari ameelemewa ni yule anayemfungulia mlango. Mume wa mwenzetu mmoja, ambaye ameturuhusu tuliseme hili, alikuwa usalama barabarani. Usiku mmoja alirudi kutoka kwenye ajali ya basi. Hakuingia ndani. Alikaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasugua buti zake kwa brashi ya kufulia mpaka ikaadhiniwa alfajiri. Kulipokucha akaenda zamu. Wiki zilizofuata akawa halali, chakula hakigusi, kisha akaanza kugawa vitu: redio kwa jirani, baiskeli kwa mpwawe. Tukamsifu kwa ukarimu. Leo mwenzetu ni mjane.

Wengine wanaelemewa na mikopo ya riba kubwa, ile ya kausha damu, wengine na uhamisho unaomwacha mke Mbeya na mume Lindi. Kwa nini hawasemi? Wanapiga hesabu. Akisema, faili lake litaandikwa, kozi ya ukoplo itampita, na ataitwa "wa Mirembe". Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili, iko Dodoma, inatibu watu. Tusi tumelitunga wenyewe, na sisi akina mama tumo.

Sheria nayo haisaidii. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, kwa hiyo askari aliyenusurika anaweza kuamkia mikononi mwa wenzake wenye pingu. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakiuka Katiba.

Ndugu Mgeni Rasmi, mama aliyepigwa akifika kituoni anaonyeshwa Dawati la Jinsia na Watoto. Askari anayempokea, yeye akielemewa, dawati lake hatulijui. Tunaomba mshauri nasaha asiyeripoti kwa mkuu wa askari, aje kota walau mara mbili kwa mwezi. Baada ya ajali kubwa au tukio la mauaji, kikosi kizima kizungumze naye kabla ya zamu inayofuata. Akiitwa mmoja tu, huyo ameshapewa jina. Na anayekiri kuelemewa, silaha yake ibaki ghalani kwa muda, lakini mshahara na nafasi yake ya kupanda cheo visiguswe.

Sisi tumeshaanza. Kila Jumamosi, baada ya kuhesabu hisa za kikoba, tunabaki nusu saa kuulizana hali za nyumbani. Tukiona dalili tunamuuliza mtu waziwazi kama anawaza kujiua. Tulidhani swali hilo litampa wazo. Muuguzi wa zahanati akatusahihisha. Sasa anayekiri, siku hiyohiyo tunamsindikiza kwa muuguzi huyo.

Mwenzetu tuliyemtaja yuko mstari wa mbele. Ameomba akupe mkono tukimaliza.

Tunaomba kuwasilisha.