Sare nne ukutani

Mbagala, Jumamosi usiku

Shoga yangu Mama Hafsa,

Asalaam aleikum. Hujambo wewe, hawajambo watoto, bibi miguu inaendeleaje? Sisi huku wazima, Nasri kikohozi kimemwisha, joto tu ndilo linatuonea. Nimekupigia mara tatu tangu Jumapili hupokei, na Salma anapanda basi la Tanga keshokutwa alfajiri, nikasema bora niandike nimpe yeye. Kwenye simu ningelia, au salio lingeisha kabla sijafika ninapopataka.

Mwenzangu, lile neno ulilosema mwishomwisho, kabla simu haijakatika, halijanitoka. "Nitachukua kwa wengine nimalizane na hawa." Nimelala nalo, nimeamka nalo. Usichukue mkopo mwingine kulipia huu ulio nao. Hayo mengine yote nitakayoandika humu yasome au yaache, ila hilo nakuomba sana.

Sikuandikii kama mtu aliyekuzidi akili. Homa ya Nasri ya mwezi wa tatu uliisikia, lakini ya kibubu sikukwambia, niliona haya. Ilikuwa saa nane usiku, mtoto anatetemeka, kwenye simu nina elfu tatu. Nikachukua mchi wa kinu nikakivunja kile kibubu cha mbao nilichokuwa nacho tangu mwezi wa nane. Sarafu zikatawanyika mpaka chini ya kabati, nikaziokota kwa tochi ya simu huku mtoto analia. Nikahesabu: 23,400. Miezi saba, Mama Hafsa! Nilitarajia laki na kitu. Halafu nikakumbuka zile noti nilizokuwa nachokonoa kwa ncha ya kisu pale kwenye tundu, leo elfu mbili ya boda, kesho elfu tano ya mchango, nikijiambia nitarudisha. Bajaji, vipimo na dawa vikala 48,000. Mama Zuhura wa jirani ndiye aliyenistiri.

Asubuhi yake nikatoa daftari moja la Nasri ambalo halijaandikwa, nikasema mwezi wa nne wote kila shilingi inayotoka naiandika. Kila shilingi kweli, hata ya karanga.

Bando la siku, elfu moja kila siku, 30,000. Boda kutoka kituoni hadi nyumbani, mwendo wa dakika kumi ambao tukiwa wasichana tuliutembea tukicheka, mara 22, nayo elfu moja kila mara. Chai na chapati pale kwa mama lishe siku 26 za kazi, elfu mbili mbili, 52,000. Jumlisha mwenyewe: laki moja na elfu nne. Na katika hizo hakuna hata kimoja ninachoweza kukwambia hiki hapa, kishike. Chai sikuiacha, mtu hawezi kukaa kwenye cherehani na njaa, ila sasa natoka na chupa yangu na viazi vya kuchemsha. Boda nimeibakiza ya usiku tu. Na pesa ya simu naitoa mara moja kwa wiki, maana kila ukitoa kidogo kidogo makato yanakusubiri palepale.

Lakini kilichoniuma zaidi ni mafuta ya kula. Unajua sisi tunanunua ya kupima, kipimo cha mia tano, unakwenda na kikombe. Siku moja nikaamua kumimina kila kipimo ninachonunua kwenye chupa ya maji ya lita moja, niweke alama kwa kalamu. Cha kumi nikadhani karibu itajaa. Kikaja cha kumi na tano, bado. Cha kumi na saba ndicho kilichofika shingoni. Hiyo ni 8,500, na duka lile lile lita moja nzima anaiuza 6,800. Simlaumu muuzaji, naye anapima, anamwaga, anakopesha watu wasiorudi. Ila nilikaa na ile chupa mkononi nikaitazama sana. Mama yangu alipima maisha yake yote. Mkaa nao ni hivyo hivyo: kopo la elfu mbili kila siku kwa miezi miwili ni 120,000, na gunia nililolinunua kwa 90,000 linakaa miezi miwili hiyo hiyo. Watu wanasema maskini hajui kupanga. Maskini anajua, ila anapata kwa siku, basi ananunua kwa siku, na bei ya siku ndiyo bei ya juu kuliko zote. Niliweza kununua gunia na dumu la lita tano kwa sababu zamu yangu ya mchezo, huu upatu wetu wa kina mama, ilifika, basi, si kwa ujanja wangu mwingine.

Sasa nije kwenye sare.

Mama Hafsa, mimi nakula kwa kushona sare za sherehe. Ada ya Nasri imetoka humo, kwa hiyo siwezi kusimama nikasema sherehe ziishe. Lakini hapa ninapokuandikia, ukutani mbele yangu zinaning'inia gauni nne, rangi ya zambarau na dhahabu, zimepigwa pasi na vifungo nimeshatia. Sherehe yenyewe ilipita wiki tano sasa. Wenyewe walitoa nusu ya ushonaji, nusu ya pili hawakuipata, siku ikafika, wakaenda na nguo za kuazima au hawakwenda kabisa. Kitambaa walishanunua, mchango walishatoa. Mmoja alipita juzi, akachungulia, akaishika ile mikono akaipapasa, akasema "nitakuja mwisho wa mwezi", akaondoka. Nilitaka kumwambia chukua tu dada yangu. Sasa aivae wapi?

Ndiyo maana uliponiambia mkopo wako ni wa kitchen party ya yule binti, kitambaa, kushona, zawadi ya meza na mchango wa kadi, nilinyamaza. Usinielewe vibaya, nilikuwa naziangalia hizi gauni.

Tupige hesabu pamoja, maana nadhani wewe hujaipiga. Waliandika laki mbili. Wakakata elfu ishirini ya fomu, ukapata mkononi laki na themanini. Marejesho 65,000 kila wiki kwa wiki nne, hiyo ni 260,000. Kwa hiyo umetumia laki na themanini kwa mwezi mmoja na unailipia elfu themanini juu yake! Benki Kuu imeweka kikomo kwa wakopeshaji wenye leseni, riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki mbili ni elfu saba. Elfu saba, mwenzangu. Ndiyo maana watu wameiita kausha damu. Na kama hao "wengine" unaowataka ni wa kwenye simu, kumbuka Novemba 2024 Benki Kuu hiyo hiyo ilitaja programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Wanachukua majina yote yaliyomo kwenye simu yako, ukichelewa wanawatumia ujumbe mpaka mwalimu wa Hafsa.

Najua utakachosema. Ukikataa mchango leo, kesho ukiwa na msiba nani atakuja? Hilo ni kweli, nami siwezi kulipuuza. Alipofariki baba, jamvi, sukari, mchele, vyote vilikuja kwa mikono ya watu. Lakini msiba hakuna aliyenipangia rangi ya nguo. Nilichofanya mimi, nimeweka kiasi kimoja cha mwezi kwa ajili ya watu, elfu thelathini, kikiisha namwendea mhusika mwenyewe, simtumii ujumbe, namwambia mwezi huu sina, nitakuja kukusaidia kupika. Wa kwanza nilimwambia moyo unadunda. Akanishika mkono akasema kumbe na wewe, mimi hii shughuli yenyewe nimeikopea. Tukabaki tunatazamana.

Sasa sikiliza. Mchezo wetu tuko kumi, elfu kumi kila wiki, anayepokea anapata laki moja. Zamu yangu ni Ijumaa hii. Nimeshazungumza na kijumbe, yule anayetukusanyia, pesa nitaipokea nikutumie yote, ulipe rejesho la wiki hii, na inayobaki uiweke pembeni kwa ajili ya lijalo. Wewe utanirudishia elfu kumi kumi kila wiki, wiki kumi, bila nyongeza. Sikupi sadaka, usikasirike. Ungenifanyia mimi hivyo hivyo, na mwaka ule wa mafuriko ulinifanyia. Ukimaliza, hiyo elfu kumi usiiache ikapotea, endelea nayo. Mdogo wangu ananisisitizia vipande vya UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, anasema yeye ananunua kidogo kidogo kwa simu, nami nimeanza kumwelewa. Tutazungumza.

Kitambaa umeshakikata? Kama hujakata, kirudishe au mwuzie mwingine. Kama umekata, nitumie na Salma akirudi nikushonee bure, na nikushonee kitu utakachovaa tena na tena. Rejesho la kwanza umelipa? Wameandika nini kwenye dhamana, ni friji au na cherehani ya bibi? Una nakala ya mkataba, na leseni yao uliiona? Baba Hafsa anajua? Kama hajui, unataka nimweleze mimi, au utamweleza mwenyewe Salma akiwa hapo? Na kwa nini hupokei simu, ni mimi unanikwepa au ni wao?

Salma atalala kwako siku mbili. Mpe jibu aje nalo, au nipigie Alhamisi jioni, maana kijumbe anapita Ijumaa saa nne na nataka nijue natuma kwa namba ipi.

Msalimie bibi, mwambie tende zake zilifika.

Wako akupendaye,
Mama Nasri