Wanaobeba funguo nao waandikwe

Mhariri, salamu. Kila mkiandika habari za sanaa za watu weusi Marekani ni mchoraji tu na picha yake, sawa sijakataa, lakini wale wanaolipa bili ya umeme na kuokota pesa za kuezeka paa mbona hamuwagusi?

Mimi naishi Chicago, juzi nikapita tena South Side Community Art Center, kituo cha sanaa cha watu weusi pale South Michigan Avenue, jumba la zamani la tajiri, ukuta wa mbao wa ghorofa ya chini umejaa matundu ya misumari ya kutundikia picha kuanzia miaka ya 40, nikasogeza kidole kwenye tundu moja nikawaza huyu aliyepigilia hapa alilipwa na nani.

Maana kununua hiyo nyumba watu walichanga sarafu za senti kumi kumi, msanii Margaret Burroughs, mmoja wa waanzilishi, akiwa binti mdogo wa miaka ishirini na kitu amesimama kona ya barabara na kopo lake anaomba wapita njia. Serikali kupitia WPA, mpango wake wa kuwapa ajira watu waliokosa kazi, ikalipa mishahara na ukarabati, mwaka 1941 Eleanor Roosevelt, mke wa rais, akaja kuzindua, kelele na picha kibao. 1943 WPA ikafa. Hapo ndo kazi yenyewe ilianza na hapo ndo waandishi hupotea, kituo kipo mpaka leo, na sio kwa miujiza, ni watu wa kamati, vikao vya jioni na kuombaomba wafadhili.

Basi siku moja mhojini mweka hazina jamani.

Msomaji wenu, Chicago